Seva mia sita na send-off ya Adelina

Shikamoo Bi Chausiku. Naomba unisaidie maana mie nimechoka jamani. Naitwa Gozbert, naishi Kibamba, natunza seva za kampuni moja, yaani zile kompyuta zinazobeba huduma za wateja, na zote zinapokea maelekezo kutoka kompyuta moja tunayoiita Mama, zilipokuwa arobaini mambo yalikuwa shwari, sasa zimefika mia sita na Mama anazidiwa, anakwama, maelekezo hayafiki, wateja wanalalamika, napigiwa mie, siku ya posa ya mdogo wangu Adelina nilikuwa uani na laptop juu ya kreti la soda namnyanyua Mama, yaani namwasha upya, wageni wanauliza kaka wa binti yuko wapi, niliona aibu, na Jumamosi ndiyo send-off, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, baba alishafariki, mie ndiye wa kumkabidhi, ila Adelina kaniambia kwa utulivu kabisa, "Kaka, ukija na laptop, usije. Atanikabidhi baba mdogo."

Mwenzangu kazini, Hija, alishaniambia seva zipishane, nikakataa. Mie ndiye niliyepanga zote zimuulize Mama dakika ileile, kila saa inapogonga, kama paredi ya shule, maana napendaga kuziona zote zimeitika pamoja. Paswedi ya Mama ninayo peke yangu. Je, nimwombe Adelina asogeze tarehe?

Gozbert, Kibamba

Marahaba, Gozbert, na pole. Kumkabidhi mdogo wako wakati baba hayupo si jambo jepesi, na uchovu wako nimeusikia. Lakini asogeze tarehe? Ukumbi umelipiwa, mashangazi wako njiani kutoka Bukoba, wote wasubiri kompyuta? Hebu jionee haya kidogo!

Mie seva sijawahi kuigusa. Ila nimepika uji shule moja Chamazi miaka kumi na moja, watoto mia sita na zaidi, na hatukuwahi kuwaita wote kwa kengele moja kwenye dirisha moja. Darasa la kwanza wakinywa, la pili wako darasani, na madirisha yalikuwa matatu. Hija anakwambia hilohilo, wewe hutaki. Kwa nini? Kwa sababu unapenda kuitwa, mwanangu. Simu ikilia unalalamika, isipolia unaitazama.

Leo hii zigawe seva zako makundi, kila kundi na dakika yake. Mwombe bosi Mama wa pili na wa tatu wasaidiane. Kesho paswedi mpe Hija, bosi akiwepo, na Mama akikwama mwache Hija amnyanyue, wewe umekaa pembeni kimya. Itakuuma, vumilia.

Jumamosi laptop inabaki kwa Hija, na simu mpe Adelina aizime mwenyewe. Hakuna atakayekutafuta siku nzima isipokuwa huyo binti, na yeye amekutafuta tangu siku ya posa.