Kwa Nini Mama Aliingia Ndani

TANGAZO. Familia ya Baba Hadija wa Cibitoke, Bujumbura, inasikitika kuwatangazia ndugu, jamaa, marafiki na wote walioifahamu, kifo cha ghafla cha termosi yake nyekundu, kilichotokea leo mchana kwa kuanguka kutoka juu ya kabati. Marehemu ameacha kifuniko kimoja na vikombe ambavyo havijui sasa vitamtegemea nani. Mazishi yamefanyika nyuma ya nyumba, pamoja na maganda ya ndizi. Tangazo limfikie hasa Mama huko Kalemie, aliyeinunua yeye mwenyewe, na ambaye atasema ni mkwe wake Asha aliyeiweka vibaya.

Yaya Mwamini, dada yangu mkubwa, hayo ya juu niliyaandika siku ile ile ardhi ilipotikisika, nikiwa bado nacheka. Nilifuatisha matangazo ya vifo ya redio, yale Mama alipokuwa huku alikuwa anayasikiliza kila mchana kama wengine wanavyosikiliza mpira. Sikujua kwamba wakati naandika, yeye alikuwa tayari chini ya ukuta. Nilitaka kuichana karatasi, badala yake naendelea kuandika chini yake hapo hapo. Ni mara ya mwisho nimemtania Mama nikiamini atanijibu.

Sasa nianze kama mtu mwenye adabu. Assalamu alaykum, Yaya. Mmeamkaje huko? Mguu wa Shemeji umepona, au bado anaukokota? Mnalala ndani, au bado mko uwanjani na majirani? Sisi huku miili ni mizima. Mengine usiniulize.

Habari aliniletea Kitenge, yule fundi wa mashine wa boti. Alitoka bandarini akaja moja kwa moja kwenye depo yetu ya sukari huku Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, akasimama mlangoni akavua kofia. Kitenge hajawahi kuvua kofia hata siku ya ndoa yake. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Alinieleza yote, halafu akasema, "Yaya yako amenipa swali. Anasema wewe uliishi na Mama huku miaka ile ya vita, pengine unajua. Mama alikuwa inje, kwenye uwanja, anachagua mchele. Batu bote walikimbia kutoka. Yeye aliacha mchele akaingia mu nyumba. Juu ya nini?"

Nilimwuliza watu wanasema nini. Akaangalia viatu vyake. Wengine kwenye matanga wanasema alifuata pesa alizoficha kwenye godoro. Wengine wanasema alirogwa. "Na Yaya yako anasema Mama aliingia kumutafuta yeye. Jirani alimusikia anaita, Mwamini, Mwamini. Na yeye alikuwa amekwenda zake kwenye maji kufua. Toka siku hiyo hakuli vizuri."

Yaya, kula. Nitakueleza, na nitakueleza polepole, kwa sababu kujua ninajua.

Siku ile mimi nilikuwa depo, tunapanga mifuko ya sukari. Ardhi ikanguruma. Hapo hapo wote tukalala kifudifudi, kwa mpangilio mzuri kuliko jeshi lolote nililoona likipita hapa. Patroni, mwenye depo, alikuwa chini ya meza yake, simu bado sikioni, anamwambia mtu asikate. Mifuko ikawa inacheza juu ya vichwa vyetu, imepangwa mpaka karibu na bati, na hakuna hata mmoja aliyeiogopa mifuko.

"Hiyo imeanguka karibu na bandari," mmoja akasema, shavu lake kwenye simenti.

"Apana. Ya karibu inapiga mara moja, inanyamaza. Hii inatembea."

"We unajua mabomu kuliko ule mwenye kuyatupa."

"Mi ninaishi Kamenge, nitakosa kujua?"

Ndipo akaingia Salvator, dereva wa lori, anatembea wima kama mtu aliyechoka kuishi. "Munalala nini? Lori yangu iko inacheza peke yake inje. Ni mutetemeko wa udongo. Tokeni, mifuko itawaua."

Tukatoka, tumejaa sukari mpaka kwenye nyusi, tukacheka sana. Miaka yote hii ilikuwa mara ya kwanza kitu kututikisa bila watu kuulizana kimetoka upande gani. Nilipofika nyumbani nilimkuta Asha na watoto bado wako chini ya kitanda, wananisubiri niwaambie imekwisha. Jioni redio ikasema tetemeko limetokea upande wenu. Nikasema, huko watu wanaishi nyumba za chini, itakuwa nyufa tu. Nikachukua karatasi nikaandika habari za termosi.

Umeona, Yaya? Huku kitu kikinguruma hatutoki. Anayetoka ndiye anayekufa. Nyumba yetu ina chumba kimoja cha katikati kisicho na dirisha la kuangalia milima, mabomu yanakotoka, na kitanda chake tulikiinua kwa matofali ili watu wazima waenee chini yake. Mama alipokuja kuishi nasi alikataa kabisa. Alisema mwanamke wa umri wake haingii chini ya kitanda kama paka. Baada ya bomu moja kuangukia nyumba ya jirani, akawa yeye ndiye mkubwa wa kitanda. Akisikia mlio alikuwa anafika kabla yetu sote, na magoti yake yale, tasbihi shingoni, na kidumu cha maji alikwisha kukiweka kwenye kona zamani.

Na alikuwa anaita majina. Hilo nataka ulisikie vizuri. Alikuwa anatuita wote, mmoja mmoja, tuingie. Aliniita mimi hata nikiwa kazini, na Asha akimwambia, "Mama, Baba Hadija hayupo," anajibu, "Nitamuita vilevile, pengine atasikia." Alikuita na wewe, Yaya. Uko Kalemie, ng'ambo ya ziwa, huku sisi tumelala kwenye vumbi, Mama anaita, "Mwamini, ingia mutoto wangu, ingia." Mara ya kwanza tulicheka. Baadaye tulizoea.

Wewe mwenyewe uliniambia, aliporudi huko alimtuma fundi amletee matofali ya kuinua kitanda, ukadhani ni sababu ya panya.

Kwa hiyo hakufuata pesa. Hakurogwa. Na hakuingia kukutafuta. Alikuwa anakuita umfuate mahali alipojua ni salama. Hata ungekuwa umekaa naye kwenye ule mchele, angekushika mkono akuvute ndani, na leo Kitenge angenivulia kofia mara mbili. Waambie hivyo watu wa matanga. Waambie Mama alikuwa na akili zake zote, alifanya sawasawa kabisa alivyofundishwa na mji huu.

Wiki hii ardhi imetikisika tena kidogo. Asha alitoa watoto uwanjani mbio. Hadija akakataa kutoka, akashika mguu wa kitanda kwa mikono miwili, ikabidi nimbandue. Nikamweleza kwamba kuna mitikisiko ya namna mbili. Mmoja unaingia ndani, mwingine unatoka inje. Akaniuliza, "Baba, tutajuaje ni upi?" Yaya, mimi nimejisomesha mwenyewe vitabu vyote vilivyopita mikononi mwangu, na nilichofanya ni kumbeba tu, nikakaa naye mlangoni.

Tumemsomea Mama khitima hapa kwangu. Majirani walikuja wote, hata wale Wakristo wa nyumba ya nyuma, wakakaa mpaka mwisho. Mimi nitavuka boti ikipata mafuta yake ya mazuti.

Nisalimie Mama Mdogo aliyemwosha, mwambie mikono yake naiona hata kama sikuwepo. Nisalimie yule fundi wa matofali aliyemchimbua kwa mikono yake. Asijilaumu kwa kitanda alichomwinulia. Nisalimie watoto wako, na Shemeji na mguu wake.

Ni mimi mdogo wako anayekulilia kutoka upande huu wa maji,

Shabani

Shemeji aliniulizia kwa Kitenge kama huku mabomu bado yanaanguka. Mwambie tangu Mama aondoke kwetu kurudi kwenu, Cibitoke halijaanguka hata moja.