Gauni la Bluu na Shati la Jirani

Shemeji,

Pokea salamu za fundi cherehani ambaye mkasi wake unaogopwa mitaa saba. Juzi nimeshona suti huku nimefumba macho, na bwana harusi akalia kwa furaha. Uliza yeyote.

Umeandika kwamba Jumamosi unakuja kumchukua binti yako kwa sababu hasemi. Sasa anasema.

Kosa lilikuwa langu. Tulipomzika dada yangu, nililikata gauni lake la bluu nimpunguzie mtoto, nikidhani nampa zawadi. Akaniuliza, "Mjomba, mama akirudi atavaa nini?" Kuanzia hapo, kimya mwezi mzima.

Halafu akaja yule msichana mtukutu wa jirani, Pilipili, aliyenivunjia kioo mara mbili. Alikumbatia shati la marehemu baba yake. "Nalipenda, lakini linanimeza," akasema. "Nani atalikata?"

Binti yako akanyanyuka. "Usimpe mjomba! Ataharibu."

Mimi! Bingwa wa mitaa saba!

Tangu siku hiyo wameiteka meza yangu. Wanaunga vipande vya gauni na vya shati kuwa shuka moja, wanagombana, wanalia kidogo, wanacheka, wanashona tena. Mimi nimeruhusiwa kutia uzi kwenye sindano tu, na hakuna duniani anayetia uzi kama mimi.

Kwa hiyo humchukui, Shemeji, hata ukija na askari. Ila njoo, na ubebe shati lako moja kuukuu. Wamekuachia nafasi pembeni.

Ni mimi shemeji yako,
Fundi Mkuu (wa uzi)