Siji Doha, Shangazi: Nina Vitumbo vya Kulisha

Mtaa wa Mjini,
Meru.
Ijumaa, 14 Novemba 2025.

Mpendwa Shangazi Zuleka,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako la kushoto limekubali kupanda ngazi za huko Doha bila kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Mvua imeshuka mpaka njia ya sokoni ni tope tupu. Baba alikuwa na kikohozi, lakini juzi ameanza tena kugombana na wateja, kwa hivyo ujue afya imerudi.

Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu simu unanikatia kila nikifika kwenye jambo lenyewe.

Karatasi za viza zimefika. Nakushukuru kwa moyo wote, maana najua umewasumbua watu wengi hadi nikapatiwa kazi ya kupima damu za wagonjwa kwenye hospitali ya huko. Umesema niwe nimefika kabla ya tarehe thelathini. Shangazi, siji. Nimelisema mapema usije ukasoma barua nzima ukilitafuta. Sasa keti nikueleze, kwa sababu uliyoyasikia kwa mwanao Nurudin siyo.

Nurudin aliandika kwenye kundi la familia kwamba nafuga matumbo kama watu wanavyofuga kuku, na kwamba eti kwenye maabara ninakofanya kazi tunaumba wanyama. Nusu ya ukoo ikacheka, nusu ikaanza kuniombea dua. Hakuna anayeumba kitu. Utumbo una seli ambazo kazi yake ni kuujenga upya kila siku chache. Tunachukua kipande cha utumbo wa mbuzi mchanga aliyechinjwa muda huo huo, tunazitoa seli hizo, tunaziweka kwenye jeli na kuzilisha. Zinajikunja zenyewe kuwa vijiduara vidogo kama ufuta, vyenye ukuta kama wa utumbo wa kweli. Mimi naviita vitumbo. Kisha tunaviingizia vimelea vya kuharisha, vile vinavyomaliza ndama na vitoto vya mbuzi, na watoto wa watu pia. Tunatia dawa na kuangalia ni nani anayekufa na ni nani anayebaki. Ni hayo tu. Afadhali dawa ikosee kwenye kichupa kuliko ndani ya mtoto.

Umeniuliza mbona miezi yote hiyo nililia kwa simu kama kazi ni nzuri hivyo. Nililia kwa sababu vitumbo vilikuwa vinakufa, na muuaji alikuwa kaka yako.

Tulipoanza mwezi wa sita, nilimpa Baba kichupa chenye maji maalumu na ndoo ya barafu. Nikamwomba kila Jumanne asubuhi akate kipande cha utumbo kama kidole, akitumbukize humo, nami nitakipitia kwenye buchari yake nikienda kazini. Alikubali kwa furaha, hata akawatangazia wateja kwamba serikali sasa inapima nyama yake. Serikali haimo, lakini nilimwacha na furaha yake. Jumanne ya kwanza seli zote zilikufa. Ya pili, vivyo hivyo. Mpaka ya tano sikuwa na kitumbo hata kimoja. Dakta Ruguru, mkubwa wetu, ambaye ni mtu wa Embu na hapendi maneno mengi, aliniita kando.

“Jamilah, hizi seli zinafika hapa zikiwa zimekufa tayari. Either barafu yako ni mbaya ama kuna kitu hatuambiani.”

Nilirudi nyumbani nikijiona mjinga wa wajinga. Jumanne iliyofuata sikungoja buchari. Nilienda machinjioni alfajiri kuangalia kwa macho yangu, na kutoka langoni nikamwona Baba amekunja mikono ya shati, sufuria ya maji ya moto iko pembeni, ameugeuza utumbo nje ndani, anaukwangua kwa kisu na kuusugua kwa chumvi na ndimu. Ule ute aliokuwa akiutupa chini ndio kazi yangu yote, Shangazi. Seli zangu zinakaa humo. Kilichobaki kilikuwa kizuri kwa mchuzi.

Wewe umelelewa na wachinjaji, utaelewa. Kwetu mtu hapewi utumbo wenye uchafu, sembuse binti wa nyumbani anayeupeleka kwa wasomi. Sikuwa nimemwambia asiuoshe. Ni nani humwambia mchinjaji asioshe matumbo? Na mimi niliyezaliwa buchari niliuona mweupe kila Jumanne, nikauona uko sawa, kwa sababu tangu utoto sijaona mwingine mezani kwetu.

Nilipomwomba anipe ukiwa jinsi ulivyotoka, alikasirika mbele ya wenzake.

“Mimi Ismael nitoe matumbo na mavi yake? Si watasema nimezeeka ama nimekuwa mvivu! Haiwezekani, Jamilah. Enda ununue kwa mwingine.”

Sikwenda kwa mwingine. Unajua wanawake wanaonunua matumbo husimama nje ya lango wakingoja kutolewa. Wiki iliyofuata nilivaa gambuti, nikapita pale langoni, nikaingia mpaka ndani kwenye damu. Wanaume wakaacha visu hewani wakiniangalia. Nikaushika utumbo kwa mikono yangu, nikakata kipande, nikakitia kichupani, nikaaga. Baba alinipa mgongo. Wiki iliyofuata nilirudi, na ya tatu pia. Ya nne nilimkuta amenikatia mwenyewe, kibichi, chenye uchafu wake, amekifunika kwa gazeti wasikione. Nilikichukua na gazeti lake nikaenda kazini.

Na vitumbo viliota, kuanzia kipande cha kwanza nilichokata mwenyewe. Viliishi siku tano, kumi, hadi wiki tatu. Nilivionyesha kwa kila mtu aliyepita mlangoni, hata mlinzi alilazimishwa kuangalia kwenye hadubini.

Sasa nitasema jambo ambalo nyumbani kwetu halisemwi. Mwanao Muslim alikuwa na miezi minane tu alipoanza kuharisha. Mimi nilikuwa darasa la pili, na nakumbuka ukikunja kanga zilizolowa, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha. Kila aliyeingia alikuja na dawa yake, ya dukani, ya majani, ya zahanati, na hakuna iliyozuia kitu. Sijui kama ni vimelea hivi vilivyomuua. Hakuna aliyepima. Hilo linaniuma mpaka leo, na najua wewe linakuuma zaidi, hata kama hulitaji jina lake kwenye simu.

Mwezi uliopita kampuni moja ya ng'ambo ilituletea dawa mpya inayosifiwa sana. Tulikuwa na vimelea kutoka kwa mbuzi wa mama mmoja wa Mitunguu, vikali kweli. Siku ya pili dawa ikawa imeviua vyote. Tulishangilia, na Dakta Ruguru akatununulia soda. Siku ya nne nikaangalia tena, nikaona vitumbo vyenyewe vinapasuka, ukuta unamomonyoka, seli zinaelea ovyo. Pembeni vilikuwepo vitumbo vingine vilivyotoka kwenye kipande kile kile cha utumbo ambavyo havikutiwa dawa, na vilikuwa vizima kabisa. Tukarudia. Tukarudia tena mara ya tatu. Dawa ile inamuua adui na kubomoa nyumba.

Tuliwaandikia. Wakajibu kwa adabu nyingi kwamba huenda utumbo wetu haukuwa wa kiwango, kwamba labda hatukuuandaa inavyotakiwa, na wakashauri tuseme majaribio hayakukamilika. Utumbo wetu haukuwa wa kiwango! Nilisoma maneno hayo nikasimama nikiwa peke yangu chumbani. Nilimuuliza Dakta Ruguru tutafanya nini.

“Tulisema chenye tuliona,” akaniambia. “Hatutoi hata comma. Lakini watataka kuongea na mwenye aliandaa hizo tishu, na ni wewe.”

Mkutano na hao watu ni tarehe mbili Desemba. Nikija kwako kabla ya tarehe thelathini, watasema mwenye vichupa amekimbia, na ripoti itakosa wa kuitetea. Kwa hivyo nimetia saini miaka miwili zaidi hapa, na ile viza nimeirudisha kwa bahasha hii hii. Kasirika, una haki. Uliponilipia shule ulitaka nitoke kwenye damu na matumbo, nami nimesoma nikarudi humo humo. Lakini sikurudi kwa kukosa pa kwenda.

Wenzangu kazini wamekuwa wakinipa pole kwamba dawa imeshindwa. Sitaki pole ya mtu. Mahali fulani kuna mama ambaye mwanawe ataharisha mwaka ujao, na chupa ya dawa ile haitakuwa mkononi mwake. Hatanijua, wala hatajua kama kulikuwa na chupa. Yeye ndiye ninayemfanyia kazi.

Mama yangu Rahema anakusalimu na anasema kanga ulizomtumia zimefika, ila ya kijani ameipenda kuliko zote. Baba anakusalimu pia. Nisalimie Nurudin, umwambie bado ni ndugu yangu, na nafasi ya kuangalia kwenye hadubini iko siku akija likizo. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akupe usingizi mzuri, na akulazie Muslim mahali pema.

Wako akupendaye na asiyekuja,
Jamilah binti Ismael.