Uso wa Sperandio Ukutani

Gubbio,
2 Agosti 1511

Mpendwa dada Pantasilea,

Pokea salamu zangu nyingi. U mzima? Na shemeji Cristofano, mguu umepona? Mama hajambo, ila macho yamezidi kufifia. Mimi mwili ni mzima, lakini usingizi na hamu ya kula vimenikimbia.

Tulipomzika kaka Vanni wakati wa Kwaresima, baraza la mji lilinikubalia nimalizie picha yake ya Bikira Maria na Mtoto kwenye ukumbi wao, mradi nifuate michoro yake bila kuongeza hata mstari.

Kazi yetu unaijua. Karatasi ya mchoro, kubwa sawa na umbo lenyewe, inatobolewa kwa sindano kufuata mistari, inabandikwa juu ya lipu mbichi, kisha inapigwa kwa kifuko cha vumbi la mkaa. Jumatatu ilikuwa siku ya kumpaka Mtoto. Karatasi ilikuwa imechafuka mkaa pande zote mbili, nami nikaibandika nyuma mbele. Nilipoibandua ikachanika usoni pa Mtoto, sikujali, nikijua imeshamaliza kazi. Lipu haingoji mtu, ikikauka haishiki rangi. Nilipaka rangi kutwa nzima, pua ukutani, bila kushuka jukwaani kutazama.

Kesho yake wakaja wazee wa baraza. Ser Ubaldino akatazama juu.

"Fundi, huyu mtoto kagombana na mama yake? Mbona kampa kisogo?"

Mwenzake akadakia, "Halafu anatubariki kwa mkono wa kushoto. Labda ni mashoto, kama fundi wake."

Nilicheka nao, dada. Walipotoka nikakaa chini nikalia. Wamenipa hadi sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria, siku kumi na tatu tu kutoka leo. Nisipomrekebisha, ukuta mzima utapakwa chokaa na kupewa fundi wa Perugia, na miaka mitatu ya kaka itakuwa imekwenda bure.

Sasa nakuomba nisichostahili kuomba. Ule mchoro mdogo aliokupa kaka, wa marehemu mwanao Sperandio akiwa na miezi minane, ndio alioutumia kumchora Mtoto. Hakuna mwingine. Nitumie kwa huyu mwenye nyumbu aliyekuletea barua. Sitakuficha kitu: ili niukuze, lazima niupige miraba ya kupimia kwa ncha ya chuma, hata usoni. Hautakurudia ulivyokuwa.

Nimejaribu kumchora kwa kumbukumbu, karatasi sita. Zote ni mtoto wa watu wengine.

Ukikataa sitakulaumu, na mama hatajua kwamba niliomba.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako Bi Gentilina na majirani wote wa Ancona. Mungu akutunze, akupe na moyo wa kunisamehe, maana leo asubuhi nimeanza kumbomoa mwanao kwa nyundo. Nimeanzia miguuni. Usoni bado sijaweza kufika.

Wako akupendaye,
mdogo wako Baldo