Sauti ya Kaka Imebaki Gerezani

Shikamoo mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, mama anakuja na sijui nitamwambia nini. Mimi na kaka yangu tulikuwa tunatengeneza gemu, wawili tu, chumbani kwetu, ile ya kuvaa miwani kubwa ukajiona umo ndani kabisa, na ni ya watu wazima, gereza la chini ya ardhi, mapanga, damu, matusi, na kaka ndiye aliyetoa sauti ya bwana jela, tukarekodi ndani ya kabati la nguo ili kelele za nje zisiingie, tukicheka mpaka machozi, na mimi baadaye nikakata vicheko vyote nikabakiza mayowe. Miezi minne haikupita, figo zikamwondoa. Simu yake ilipotea hospitalini, kwa hiyo sauti yake imebaki humo tu, na yule bwana jela hasemi kitu mpaka umpige panga, ukimpiga anatukana, ukimmaliza anasema, "Mama, nisamehe," maneno aliyoyaongeza mwenyewe kwa utani. Nakiri, mshauri, kila nikitoka kazini nampiga ili nimsikie, kisha navua miwani imelowa. Sasa mama ameambiwa na shemeji, mke wa kaka, kwamba sauti ipo, ananiomba, "Nivalishe na mimi, mwanangu, nimsikie mara moja tu." Nimpe panga amkate mwanawe?

Mdogo Mtu

Pole sana, Mdogo Mtu. Nimeumia nawe. Lakini jamani, wewe! Kumkata kaka yako kila siku halafu unaita kumkumbuka? Acha leo hii. Unajitesa bure, naye hajakukosea.

Mama usimvalishe, hilo halina mjadala. Ile "nisamehe" ataondoka nayo, akijiuliza mwanawe alimkosea nini.

Ila kuna kitu umekiandika ukakipita mbio. Hivyo vicheko, ulivikata ukaviweka wapi? Mtu hapigi yowe hivi hivi. Kwanza anakohoa, anauliza "tayari, dogo?", analalamika kabati lina joto. Wewe uliyaona hayo takataka! Fungua kompyuta, tafuta rekodi nzima kama ilivyotoka kabatini, kabla hujaisafisha. Ukiipata, usikate hata kikohozi. Jumapili mkalishe mama sebuleni, shemeji awepo, msikilize kwa spika ya kawaida.

Ukikuta uliifuta, mwambie mama ukweli, kisha mfungulie lile kabati aone mlipokaa. Atakuuliza mlikuwa mnacheka nini. Mwambie yote, hata matusi.