Kosa Ulilombebea Meneja

Elinami,

Wengine wakiwaandikia wafu wao huanza kwa machozi. Mimi naanza kwa hasira. Nimeilea tangu masika tulipokuzika kule Akheri, na sasa kifua kimechakaa, na sitaki kufa nikiwa nimeinyamazia.

Siku ya maziko mchungaji alisema hakujatokea nyapara mwema kama wewe chini ya Mlima Meru. Watu wakaitikia. Nami niliitikia. Ni kweli, pale kiwandani kwa mbao hakupigwa mtu wewe ukiwapo. Gogo likipasuka, mkanda ukikatika, ulimtangulia kibarua mbele ya meneja Mzungu ukasema, "Kosa ni langu, bwana." Mwenye kosa ulimhukumu jioni nyumbani kwako, kwa pombe ya ndizi na maneno makali, kama wazee wetu walivyotufundisha: aibu ya nyumba haianikwi mbele ya mgeni. Lazaro wa Ngaramtoni, mpakia magogo yule asiyejua kufunga mdomo, alikutania kila siku: "Nyapara, leo umebeba la nani? Mgongo bado upo?" Nawe ukamrushia maranda usoni.

Ningekupenda hivyo hivyo hadi mwisho, kama si habari ya msumeno.

Meneja alitaka kinga ya chuma iondolewe kwa sababu magogo manene yalikuwa yanakwama. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Kiingereza ndicho kilichonilisha. Ulisema, "Mwambie chuma hicho kimewekwa kwa ajili ya vidole." Nikamwambia. Jibu lake nikakuletea lilivyo: "Vidole viangaliwe na wenye vidole." Ukaguna, ukaiondoa. Haukupita muda, Lazaro akapoteza mkono wa kulia.

Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alipopanda kutoka boma kuuliza nani aliamuru, meneja alitazama viatu vyake. Mimi nilikutazama wewe. Nikasema moyoni, sasa atasema. Ukatoka mbele: "Kosa ni langu, bwana."

Nikalitafsiri, Elinami. Amri ile ilipita kwenye ulimi wangu mwenyewe, nilijua ni ya nani, na bado nikautafsiri uongo wako kwa Kiingereza safi, kisha nikaenda kula. Hilo sijamwambia mtu hadi leo.

Lakini wewe! Meneja yule alikuwa mtu wa nyumba yako tangu lini? Ulidhani atakuja jioni umhukumu kwa pombe ya ndizi? Hakuja. Alipanda gari lake akaenda zake. Na Lazaro alipokuuliza pale hospitali, "Kwani ni wewe uliyenikata?" ulimvutia tu shuka hadi kidevuni. Kumbebea mdogo kosa lake ni kumlea. Kumbebea mkubwa ni kumpa ruhusa. Ulikuwa mtu wa akili, hukuliona hilo?

Sasa sikia kilichonishikisha kalamu. Mwanao Elifasi ndiye nyapara siku hizi. Juzi alikuja kunijulia hali. "Shikamoo, baba." Akakaa, akaniambia kinga imeondolewa tena, meneja ni yule yule, na vijana wanausogelea msumeno kwa woga. Nikamuuliza atafanya nini. Akanyoosha mabega, wewe kabisa: "Likitokea la kutokea nitalibeba mimi. Si ndivyo baba alivyofanya?"

Nilimfokea hadi nikakohoa damu. Nikamwambia, "Baba yako alikosea, na mimi nilikuwepo!" Akasimama. "Mzee, usimtukane marehemu." Akaondoka bila kuaga.

Kwa ajili ya sifa zako ameweka rehani mikono ya watu, na mikono yake pia. Siwezi kufa na hilo.

Kesho wajukuu watanipeleka boma, mjini. Lazaro amekubali twende wote. Nitasema nani aliamuru mara ile na nani ameamuru tena, na nitasema nani walinyamaza, wewe na mimi. Wakitaka kunifunga, watamfunga mtu aliyebakiwa na pumzi kidogo. Nakuahidi sitaondoka mlangoni pao mpaka msumeno ule uzimwe na chuma kirudishwe. Elifasi na anichukie. Atanichukia akiwa mzima.

Lala, mwenzangu. Nilikupenda, ndiyo maana linauma hivi. Siku si nyingi nitafika huko uliko. Usije kunilaki kwa kicheko. Nitafika nikiwa bado nimekasirika.

Zakaria