Majani ya Kunyamazisha Bakteria na Kisigino cha Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukitaka kunicheka nicheke mwishoni. Mimi ni mtaalamu wa maabara tangu kabla sijaolewa, na kwa miaka mitatu sasa kazi yangu ni kusaga majani, kuyakamua na kuyajaribu kwa bakteria, maana bakteria nao husemezana, kila mmoja hutoa kemikali kidogo, na kemikali ikishajaa hujua wametimia, ndipo hushambulia kwa pamoja, sasa tunao bakteria wa majaribio ambao wakisemezana hugeuka zambarau, na miezi miwili iliyopita majani ya kichaka kinachoota nyuma ya jengo letu yaliwafanya wabaki weupe, wazima lakini kimya, nami kwa furaha nikalisimulia jambo hilo mezani kwa mama mkwe, mbele ya mawifi ambao kwa miaka tisa wameniita Mpishi wa Vijidudu, na kwa mara ya kwanza mama mkwe akaniuliza kuhusu kazi yangu. Ana kisukari na kidonda kisiginoni. Akaniomba majani, nikampelekea maji ya majani hayo kwenye chupa, nikamwambia haya bado ni mambo ya kwenye sahani za maabara, ila nilisema kwa sauti ndogo, na tangu hapo kila jioni nikitoka kazini nakaa chini namwosha mguu, ananiita mwanangu, anawaambia majirani mkwe wake ni daktari, nami sikanushi. Juzi nikitafuta taulo kabatini nikakuta vidonge vyote vya kliniki havijaguswa, kumbe hata bandeji ameacha kwenda kubadilishiwa, na kidonda kimeanza kunuka, pembeni kimekuwa cheusi. Nikisema ukweli narudi kuwa Mpishi wa Vijidudu, nisiposema naogopa hata kuandika. Nifanyeje?

Mkwe Mwenye Hofu

Mkwe Mwenye Hofu, hongera sana. Wenzako hutafuta mapenzi ya mama mkwe kwa mashuka na sufuria, wewe umeyanunua kwa mguu wake mwenyewe. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakujua kwamba mgonjwa anaweza kupata msaidizi mwenye cheti.

Barua yako ilifika Jumatatu, na ukurasa huu hutoka Jumamosi. Kwa kuwa kidonda hakisomi gazeti, nilipiga namba uliyoandika. Akapokea mama mkwe, kwa sababu wewe ulikuwa jikoni unachemsha majani, bila shaka kwa maendeleo ya sayansi. Siri zenu nazitunza, lakini si za nyama inayooza. Nikamweleza kila kitu.

Akasema, "Najua hayo majani hayafanyi kitu. Tangu wiki ya pili najua. Lakini miaka tisa huyu alikuwa ananisalimia akiwa mlangoni. Sasa anakaa."

Basi, wapendwa wawili mlikuwa mnadanganyana kwa adabu, na kisigino ndicho kilicholipia. Nilimwambia kesho yake aende kliniki. Alikubali, akasema angependa umpeleke wewe.

Jana alinipigia. Muuguzi amekata nyama iliyokufa, amemgombeza, na anasema mguu utapona akifuata dawa. Nikauliza ulikuwa umekaa naye upande gani. Akasema alipelekwa na mumeo, kwa sababu wewe ulikuwa na sahani za kuangalia. Bakteria wana bahati, hawakosi mtu wa kukaa nao.

Utafiti wako sina ugomvi nao, huenda siku moja ukaponya watu. Lakini sahani ya kioo haina kisukari, na wala haimtegemei mkwe. Mwaga hiyo chupa. Waite mawifi, uwaambie kwa sauti kubwa kuliko ile uliyotumia mwanzo kwamba hayo majani hayajawahi kumtibu mtu yeyote. Watacheka wiki mbili, utaishi. Kisha umwombe mama msamaha, na jioni uendelee kumhudumia jinsi muuguzi atakavyokuelekeza, maana mguu huo ndio uliowakutanisha na mama hajawahi kuyahitaji majani ili akupende.

Miadi ijayo ni Jumatatu, saa mbili asubuhi. Omba ruhusa kazini, beba vidonge vyote, na muuguzi akiuliza ni nani aliyempa mama maji ya majani, usimwache mgonjwa ajibu.